Usiku wa Kukaza Spoku

Kesho ni Kaboywo, lakini leo bado ni leo,
na leo, Ndiwa, pikipiki imekaa juu ya kreti la soda,
tairi la nyuma linazunguka bila kwenda popote.
Lisikilize. Hiyo tik, tik, tik
si saa ya ukutani. Ni spoku iliyolegea.
Ukiiacha itakusindikiza hadi mtoni Kibisi
na pale kwenye mawe itakuaga.

Shika ile spana ndogo. Kaza,
ila usikaze kwa hasira:
nati nayo ina shingo, ukiikaba inakatika.

Mnyororo ucheze upana wa vidole viwili,
vyangu, si vyako; vyako bado vyembamba.
Tairi tumelipunguzia upepo, kidogo tu,
maana matope mekundu ya huko juu
hayampishi mwenye kifua.
Breki nimezijaribu kwenye mteremko wa kanisa
mara tatu, mbele ya mbuzi wa katekista.
Mbuzi yu hai. Breki ni nzima.

Unaitazama sana helmeti ile msumarini.
Ni ya Situma. Ule ufa, kutoka sikio hadi utosi,
ungekuwa wake.
Alilala korongoni tangu saa nane mchana,
injini juu ya goti, simu imezimika,
na mkewe akijua yuko Webuye ananunua saruji.
Aliyempata ni mtoto aliyepoteza mwanakondoo.
Kondoo hakuonekana. Situma alionekana.
Siku hizi anatembea, akipanda ngazi anahesabu.

Kwa hiyo nimeandika karatasi,
nimeibandika kwenye kibanda cha Nelima, juu ya birika:
*Nasambu na Ndiwa. Kapsokwony, Kaberwa, Kaboywo.
Kurudi saa kumi na moja.
Saa kumi na mbili hamjatuona, msingoje chai ichemke.*
Nelima aliisoma, akauliza kama tumeandika wosia.
Nikamwambia, hii ndiyo ya kuuzuia.

Begi limejaa: tyubu, viraka, gundi, pampu,
waya wa klachi, bandeji, filimbi,
maji lita tatu, viazi vitamu vya jana.
Toa hiyo spika. Huko juu kuna ng'ombe wenye mimba.

Halafu kuna jambo la vitunguu.
Usijifanye unatafuta tambara.
Msimu uliopita tairi lako lilikata kona
kupitia shamba la Mama Cherop, matuta matatu,
nawe ulicheka. Nilikuona kwenye kioo.
Leo asubuhi nilipanda kwake kwa miguu
na shilingi mia nane, mia nne zikiwa za mshahara wako.
Sikutegemea anisamehe haraka, na hakunisamehe.
Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso,
akaniacha nimesimama kama mdaiwa, maana ndivyo nilivyo.
Nilipogeuka kuondoka ndipo aliponena,
akiongea na jembe zaidi kuliko na mimi:
daraja la magogo limepungua mbao mbili tangu Jumanne.
Piteni juu, kwenye lango la ng'ombe.
Na mlifunge.

Daraja hilo, Ndiwa,
nilikuwa nimelichora kwenye karatasi kwa wino.

Sasa mvua inagonga mabati.
Ikifika saa sita haijakata, hatuendi.
Usinikunjie uso.
Njia ya udongo ikilowa ni ya maji, si yetu,
na tukiipasua kwa magurudumu
atakayekanyaga mifereji yetu hadi Desemba
ni mtoto wa shule, na yule mzee wa mkokoteni wa maziwa.
Mlima hauna miadi nasi. Jumamosi zipo.

Haya, zungusha tena.
Taratibu.

Nasikia mvua tu.